Mbegu Tulizowapikia Wageni

Nuu, Jumamosi, Oktoba 1992

Jua limepotea tangu saa nne asubuhi, na kilima cha Nuu kimefunikwa na mawingu mpaka kiunoni. Siku nyingine ningefurahi. Leo siwezi, nami ninajua sababu. Nitaandika hapa kwa sababu nikimwambia mtu atanitemea mate, na atakuwa na haki.

Nianze mwanzo nisije nikajidanganya njiani.

Wiki tatu zilizopita chifu alipata barua kutoka kwa watu wa ofisi ya maafa. Ilisema kuna wageni kutoka nchi jirani wanaozunguka kujifunza jinsi majirani wanavyoweza kusaidiana ukame ukiingia. Walikuwa wamechagua kuja kuona Kitui na Makueni, district mbili ambazo, kwa mujibu wa barua, zimekubaliana kushirikiana kwa chakula, malori na maghala. Sisi wa Nuu hatukujua kwamba tumekubaliana na mtu yeyote. Makueni yenyewe imepewa district yake juzi tu, hata rangi ya ofisi haijakauka. Lakini barua ilisema magunia arobaini ya mahindi yatafika Nuu siku ya Ijumaa na wananchi watagawiwa, wageni wakishuhudia. Hapo hakuna aliyeuliza tena habari za makubaliano.

Chifu aliniita kwa sababu mimi ni katibu wa kamati ya njaa ya lokesheni, na kwa sababu nimefundisha Kiingereza hapa miaka kumi na moja. Niliwasomea akina mama barua ile nje ya kanisa baada ya ibada. Niliisoma mara mbili. Walitaka kusikia tena ile arobaini.

Mvua imetukataa misimu miwili. Nyumba nyingi zinapika mara moja kwa siku, na nyingine zinachemsha majani ambayo mwaka juzi hata mbuzi aliyapita. Ng'ombe waliobaki wamenunuliwa na wafanyabiashara wa kutoka Garissa kwa bei ambayo hata wao walionea haya. Lakini kila nyumba ina kibuyu kimoja kisichoguswa, kile cha mbegu, kinachoning'inia juu ya meko penye moshi ili wadudu wasiingie. Mtoto akilia njaa, mama anakitazama kile kibuyu, kisha anaangalia kando. Mbegu haziliwi. Anayekula mbegu zake hapa kwetu tunamhesabu kuwa amekata tamaa.

Kuna jambo moja tu linaloweza kukishusha kile kibuyu, nalo ni mgeni. Mgeni akifika na nyumba haina kitu kingine, mbegu zinapikwa. Ila anaambiwa. Akishakula anaambiwa kwamba zile zilikuwa mbegu, na akishaambiwa hawezi kwenda kwake akasahau. Mvua ikikaribia ataleta mbegu, nyingi au kiasi cha kiganja, hata kama ni kwa mguu.

Baba yangu alilishwa hivyo huko Kibwezi, ambako sasa ni Makueni, mwaka ule wa njaa nilipokuwa msichana mdogo. Alikuwa ametembea siku nyingi kutafuta chakula, akaingia katika boma la watu asiowajua, wakamshushia kibuyu. Msimu uliofuata nilimwona akifunga mzigo wa kunde mgongoni na kurudi kule kule. Mama alimwambia njia ni ndefu. Alijibu kwamba aliujua urefu wake alipokuwa na njaa. Huo ndio ushirikiano wa Kitui na Makueni ninaoufahamu mimi, na haukuwa na barua.

Basi Jumanne mwethya ulikutana. Ni kile kikundi chetu cha kulimiana mashamba kwa zamu, akina mama thelathini na mmoja, nami nikiwemo. Kiongozi ni Mwaitu Syokau. Mwaitu maana yake mama, na sote tunamwita hivyo hata wale wenye mama zao, kwa sababu ana miaka zaidi ya sabini na hakuna shamba hapa ambalo hajainamia.

"Watu wanatoka nchi zingine huko, wanatuletea chakula, halafu warudi na njaa?" alisema. "Hapana. Kila mtu akuje na ya kibuyu. Mahindi ikifika tutajaza tena."

Hakuna aliyebisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyosema, tena kwa kucheka. Mimi nilisema nitaleta mchele wa dukani, kilo mbili, kwa kuwa mwalimu ana mshahara. Wakakubali. Kibuyu changu kikabaki juu ya meko.

Alhamisi saa kumi ofisa wa ile ofisi ya maafa alifika kutayarisha uwanja wa shule. Kijana mtanashati, mpole, anayenukia sabuni. Alitembea na mfuko wa chokaa akichora mistari ya mahali ambapo akina mama wangesimama, na pembeni akachora duara la wapiga picha. Alipomaliza alipangusa mikono, akaniita kando.

"Mwalimu, uelewe hii ni zoezi tu," aliniambia. "Mahindi ni ya maonyesho. Jumatano ilikuwa Mukuyuni, kesho iko hapa, Jumatatu iko Kibwezi. Hatuwezi kuigawa, ni ya Makueni."

Nikamuuliza akina mama wataambiwa nini.

"Watapimiwa, wageni waone. Wageni wakienda, tunarudisha kwa gunia. Wewe ni mtu wa shule, utawaelezea pole pole. Lakini si saa hii, usije ukaharibu kitu."

Kisha akafungua faili na kunionyesha karatasi. Mwezi wa Desemba kutakuwa na mkutano wa nchi zote hizi jirani, ng'ambo ya mpaka, na watu wataenda kwa ndege. Kwenye nafasi ya mjumbe wa akina mama jina langu lilikuwa limeshapigwa taipu, majina yote mawili, bila kosa. Sijawahi kupanda ndege. Nimekuwa nikiziona zikipita juu ya Nuu tangu utotoni bila hata moja kupunguza mwendo.

Nilimrudishia karatasi yake, nikaenda zangu nyumbani.

Jioni ile vinu vilianza. Muthokoi, chakula cha Kikamba cha mahindi, hautayarishwi kwa haraka, lazima mahindi yatwangwe maganda yatoke kwanza. Nilikuwa nikisahihisha vitabu vya darasa la saba mezani na nilisikia mchi wa Mwaitu Syokau, kisha wa jirani yake, kisha ng'ambo ya korongo, mpaka kijiji kizima kikawa kinatwanga. Tangu mwaka jana sijasikia kijiji kikitwanga hivyo. Ningeweza kutoka nje na kusema neno moja. Nyumba ya Syokau ni hatua mia mbili kutoka kwangu.

Nilijiambia pengine watatubakishia hata magunia matano. Nilijiambia ofisa ataona haya mbele ya macho ya watu. Nilijiambia mengi, na kila nililojiambia lilikuwa na ile ndege ndani yake.

Jana Ijumaa magari saba yalifika saa tano. Lori lilikuwa limetangulia, la Hassan, mtu wa Garissa ambaye ndugu yake ana duka hapa sokoni. Magunia yalipangwa kwenye mistari ya chokaa. Niliona moja lililokuwa na kiraka cha kitambaa cha buluu, na nikakumbuka kwamba Jumatano lilikuwa Mukuyuni. Gunia lile limetembea kuliko mimi.

Hotuba zilikuwa sita. Nilitafsiri zote. Mkubwa mmoja alisema kwamba ukame hauna mpaka, kwa hiyo sisi majirani pia tusiwekeane mpaka. Watu walipiga makofi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Baadaye akina mama waliitwa mmoja mmoja, kila mmoja akapimiwa debe moja la mahindi, na alipoinama kulishika wapiga picha wakamwambia ainame tena, pole pole. Mutheu, mke wa jirani yangu, aliinama mara nne na mtoto mgongoni. Alikuwa akitabasamu kweli. Alidhani lile debe ni lake.

Halafu chakula. Wageni walikaa ndani ya darasa langu, kwenye madawati ya watoto, magoti yamewapanda mpaka kifuani. Walikula muthokoi na mbaazi na kunde, wakaongezwa. Ofisa alikula sahani mbili. Wali wangu ulikuwa pale katikati umeng'aa na hakuna aliyeutaka sana.

Kati ya wageni alikuwapo mama mmoja wa makamo, amevaa nguo nyeupe na mtandio mweupe, kutoka upande wa kaskazini ng'ambo ya mpaka. Alikula kwa mkono, taratibu, kama mtu anayejua chakula. Alipomaliza alimgeukia Mwaitu Syokau, aliyekuwa amesimama mlangoni na kata ya maji, akauliza kwa Kiingereza kwamba kama huku hakujanyesha misimu miwili, chakula hiki kizuri kimetoka wapi.

Nikamtafsiria Syokau kwa Kikamba. Mzee wa watu alisimama wima, akaweka kata chini na kufuta mikono kwenye leso, kwa sababu hilo ndilo swali alilokuwa amelingojea.

"Mwambie ni mbegu," alisema. "Mwambie ni za nyumba zote."

Ofisa alikuwa ananitazama juu ya sahani yake. Mimi nikamgeukia yule mama wa nguo nyeupe, nikamwambia kwa Kiingereza changu safi cha miaka kumi na moja: hiki ni chakula chetu cha kawaida.

Yule mama akatabasamu, akasema basi Nuu mnajitahidi sana. Ofisa akaliandika hilo.

Nimeandika mstari huo na nimelazimika kuinuka kwenda mlangoni.

Wageni waliondoka saa tisa. Vumbi la gari la mwisho lilikuwa bado halijatua ofisa alipomwambia chifu magunia yarudishwe kwenye lori. Chifu akatazama viatu vyake. Akina mama walikuwa wamefunga mahindi yao kwenye leso na vikapu, wengine wameshaanza kuondoka. Hassan ndiye aliyenijia.

"Mwalimu, waambie wenzako warudishe," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nimepakia na kupakua hii kitu mara tatu na siwezi kuwaambia. Wallahi siwezi."

Niliwaambia. Sikumbuki maneno niliyotumia na sitaki kuyakumbuka. Walirudi kwenye mistari ya chokaa, mmoja baada ya mwingine, wakamwaga mahindi ndani ya magunia kama vile nao wanajua zoezi. Mutheu aliniuliza kama pengine wataleta mengine kesho. Chifu alipopata ulimi alimuuliza ofisa kama hata nusu isingebaki, maana si ilisemwa hapa hapa kwamba hakuna mpaka. Ofisa akamjibu kwa upole ule ule.

"Ukame ndio haina mpaka, chifu. Mahindi iko na district yake."

Punje zilikuwa zimemwagika kwenye vumbi na chokaa. Ofisa aliziangalia, kisha akasema hizo mnaweza kuchukua. Alisema kama mtu anayetoa zawadi. Na akina mama walipiga magoti wakaziokota, Mwaitu Syokau akiwa kati yao na miaka yake sabini, wakipuliza chokaa kwenye viganja. Nilisimama pale na karatasi za hotuba mkononi. Nilimchukia yule kijana mpaka meno yakaniuma. Ilinichukua muda kutambua kwamba kati yetu sote pale uwanjani ni yeye peke yake aliyekuwa ameniambia ukweli, tena siku moja kabla.

Leo asubuhi nilidhani Syokau atakuja kunitukana. Nilikuwa nimejiandaa, na nadhani nilimtamani aje anitukane. Alifika saa sita na fimbo yake, akakataa kiti, akakaa kwenye kizingiti.

"Mwalimu, kuna kitu nataka kukuuliza. Yule mama wa nguo nyeupe. Ulimwambia ni mbegu?"

Nikasema ndiyo.

Ndiyo, nilisema, nikimtazama usoni.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akashusha pumzi, na uso wake wote ukalegea. "Basi ni sawa. Hawa wa magari wanadanganya, hiyo tumezoea. Lakini mtu amekula mbegu na akaambiwa, huyo hawezi kunyamaza. Nimewaambia wenzangu tusihangaike kwenda kuombaomba Mwingi. Tungoje. Ile sura si ya mtu wa kusahau."

Kisha akanishukuru. Alisema bahati yetu ni kuwa na mtu anayejua Kiingereza. Akaniachia kiganja cha mahindi yaliyofungwa kwenye kipande cha kanga, sehemu yangu ya yale yaliyookotwa, kwa sababu mimi pia ni wa mwethya na mwethya haumruki mtu.

Hayo mahindi yako hapa mezani karibu na daftari. Bado yana chokaa.

Wanawake thelathini wamekaa nyumbani wakingoja, na wanangoja kwa sababu yangu. Kama ningewaambia ukweli leo, wangekuwa wameshatafuta njia. Wangetuma watu kwa ndugu zao Migwani, wangeuza mbuzi wa mwisho, wangekopa mbegu popote. Mvua haingoji. Ikinyesha, una siku chache za kupanda, na ukizikosa unangoja mpaka Machi. Nimewaibia mbegu Ijumaa na leo nimewaibia siku.

Saa tisa na robo. Nimeacha kuandika kidogo, inanyesha.

Matone makubwa, yale ya kwanza yanayopiga mabati kama mawe. Harufu ya udongo imeingia mpaka ndani. Kila mwaka, mvua ya kwanza ikigusa ardhi, unasikia watu wakiitana kutoka shamba hadi shamba, na majembe yanatoka kabla haijakatika. Nimefungua dirisha. Sisikii mtu. Ng'ambo ya ua namwona Mutheu amesimama chini ya ukingo wa paa lake na mtoto, amenyoosha mkono mvuani, anautazama ukilowa.

Katika kijiji hiki leo kuna kibuyu kimoja tu chenye mbegu, nacho ni changu.

Nimekishusha. Kina mahindi ya katumani, yale yanayokomaa upesi, na kunde chache, havitoshi thelathini, pengine mistari miwili mitatu kwa kila mmoja. Nimepita dukani kwa ndugu yake Hassan huku nimelowa kama kuku. Lori bado lipo. Lilikuwa likitengenezwa springi, na sasa Hassan anataka kuondoka mara moja, kabla mto wa mchanga haujajaa na kumfungia upande huu. Anapitia Kitui na Mutomo, na kesho jioni atakuwa Kibwezi. Nimemwomba nafasi. Alisema mbele kumejaa, labda nikae nyuma juu ya magunia, chini ya turubai. Nimesema hapo ndipo panaponifaa. Mwalimu mkuu nimemwachia barua.

Jumatatu wageni watakuwa Kibwezi, na yule mama atakuwa kati yao. Ofisa pia atakuwepo, na faili lake. Hilo jina alifute. Ndege zimepita juu ya Nuu miaka yote hii, na ziendelee kupita.

Sijui kama yule mama ataleta kitu. Pengine kwao mbegu si kama kwetu. Pengine atanitazama tu na kufunga kioo cha gari. Lakini hajaambiwa, na mtu asiyeambiwa hana kosa lolote la kusahau. Kosa hilo mpaka sasa ni langu peke yangu.

Hassan amepiga honi mara moja. Kibuyu kiko mlangoni. Nitapita kwanza kwa Mwaitu Syokau, na hizo hatua mia mbili zinanitisha kuliko barabara yote ya kwenda Kibwezi. Nitampa kibuyu, nitamwambia nilichomjibu yule mgeni na nilichomjibu yeye leo mchana, na kwamba wasingoje. Sijui kama atakipokea kutoka mkononi mwangu.

Halafu Kibwezi. Maneno yenyewe ni machache, hata mtoto wa darasa la nne angeyatafsiri. Mlichokula kwetu kilikuwa mbegu, kutoka nyumba zote.

Zote isipokuwa yangu. Hilo nalo nitalisema.